Kilomita 78 za Mama

Saa tano usiku simu ilitetemeka mezani. Kaka yangu mkubwa anaishi Marekani, na kwao jua lilikuwa bado halijatua. Alikuwa amenitumia picha ya ramani: nukta mbili, mstari wa buluu kati yake, na chini maandishi machache. Kisumu hadi Eldoret, kilomita 78, muda wa safari kwa ndege dakika 36. Akaongeza ujumbe: "Dada, kumbe ni karibu hivi? Mpandisheni Mama ndege. Tiketi niachieni mimi."

Nilisoma mara mbili, nikaenda kuchungulia chumbani kwa Mama. Alikuwa amelala chali, mto katikati ya magoti kama alivyoagizwa hospitalini, magongo yake mawili yameegemezwa ukutani. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu abadilishiwe nyonga. Nyumba yangu iko Riat, juu ya kilima, na mlangoni ina ngazi tatu ambazo kabla ya upasuaji huo sikuwahi kuziona kuwa ngazi. Mdogo wetu wa kike anakaa Kapseret, nje kidogo ya Eldoret, katika nyumba iliyo sawa na ardhi, naye ni muuguzi. Tulikuwa tumekubaliana Mama ahamie kwake mpaka apate nguvu. Kilichobaki kilikuwa kumfikisha huko. Daktari alikuwa ameweka masharti: asikae kitako muda mrefu bila kusimama, asikunje nyonga kupita pembe mraba, na ngazi aziepuke kadiri inavyowezekana.

Kaka aliuliza kwa upendo. Anayeishi mbali na mama mgonjwa hushika chochote kilicho karibu na mkono wake, na usiku ule alikuwa ameshika mstari wa buluu. Sikutaka kumjibu kwa kusema tu "hakuna ndege kama hiyo". Nilitaka kujua kilomita hizo 78 ni za namna gani.

Nafundisha jiografia, kwa hiyo nilianza na kipimo chenyewe. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko kusini mwa ikweta kwa dakika tano tu za latitudo. Wa Eldoret uko kaskazini yake kwa dakika ishirini na nne. Ukijumlisha unapata karibu nusu digrii, maana digrii moja ina dakika sitini. Upande wa longitudo, Kisumu iko kwenye digrii 34.73 mashariki, Eldoret kwenye 35.24, nusu digrii nyingine na ushei. Hapa petu kwenye ikweta digrii moja ina karibu kilomita 111, uende kaskazini au uende mashariki. Basi kutoka Kisumu unakwenda kilomita 54 juu na kilomita 57 kulia, na mstari unaokatiza pembeni ndio masafa ya ndege. Kanuni ya Pythagoras inatosha kabisa. Nilipiga hesabu kwa kalamu, nyuma ya karatasi ya zoezi la wanafunzi, nikapata 78 na nusu hivi. Kwingine hesabu hiyo ingeharibika, maana mistari ya longitudo hubanana kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia, na masafa marefu hudai kanuni za duara. Sisi tuliozaliwa juu ya ikweta tumepewa ramani iliyo karibu sana na ardhi yenyewe, na hilo hunifurahisha kila mwaka ninapolifundisha.

Wana anga wenyewe hupima kwa maili ya baharini, ambayo ni mita 1,852. Kwao safari hiyo ni maili 42.

Kilomita zilikuwa sahihi, basi nikahamia kwenye dakika. Dakika 36 zilitoka wapi? Nilizifungua kinyumenyume. Ukichukua kasi ya jeti kubwa ikiwa angani, maili 500 kwa saa, yaani kilomita 805, kilomita 78 zinakwisha kwa dakika sita kasoro. Ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka, unapata 36 kamili. Nikajaribu mtindo huohuo kwa Nairobi. Kutoka Kisumu hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni kilomita 280 kwa mstari ulionyooka. Zigawe kwa kasi hiyo, ongeza nusu saa, unapata dakika 51, na kweli tiketi za Nairobi huandikwa dakika hamsini na kitu. Nikamwelewa kaka. Amewahi kuruka Kisumu hadi Nairobi, aliona namba ikitimia, na kwa nini asiiamini kwa Eldoret?

Tatizo ni kwamba katika kilomita 78 hakuna mahali pa kufikia kasi hiyo. Marubani wana kanuni ya zamani ya kushuka: kwa kila futi 1,000 unazotaka kupoteza, anza maili tatu za baharini kabla. Chukua ndege inayotoka Nairobi kuja Kisumu ikiwa futi 20,000. Uwanja wetu uko karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari. Rubani ana zaidi ya futi 16,000 za kupoteza, hivyo lazima aanze kushuka karibu maili 49 kabla ya kutua, kilomita tisini hivi. Kericho bado iko mbele yake. Nilipoiona namba hiyo niliweka kalamu chini. Ndege inayokuja Kisumu huanza kuteremka ikiwa mbali na Kisumu kuliko Eldoret ilivyo.

Kwa hiyo ndege ya Kisumu hadi Eldoret, kama ingekuwapo, ingepanda na kuanza kutafuta mahali pa kutua pumzi ileile. Na isingekuwa inarudi kwenye kimo ilichotoka. Uwanja wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari, na wa Kisumu uko kama mita 1,150, pembeni mwa ziwa. Kati yake umesimama ukingo wa Nandi, ule ukuta wa mawe na msitu unaouona ukiwa tambarare za Kano, ambao kila alasiri hubeba mawingu meusi kichwani. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani hupanda ukuta huo, hupoa, hugeuka mvua ya radi na mara nyingi mvua ya mawe. Mstari wa buluu wa kaka ulipita hapo juu bila kutetereka.

*

Kibaraza changu kinatazama ghuba. Uwanja wa ndege uko chini upande wa Kisian, na siku ikiwa wazi unaiona njia ya kurukia na maji nyuma yake. Mama alikuwa akikaa hapo kila asubuhi kwenye kiti kirefu tulichokiinua kwa matofali ili nyonga isikunjwe. Ndege ilipotua alisema, "Hiyo imetoka wapi?" Nami nilijibu, "Nairobi, Mama." Mara mojamoja nilijibu Mombasa, ambako ni kilomita 695 kwa anga, kipande kirefu cha Kenya kutoka ziwani hadi baharini. Siku moja aliuliza, "Hakuna inayotoka kwa majirani?"

Nilichukua daftari nikaanza kuandika saa. Ndege inagusa ardhi, inapunguza mwendo, inageuka, inasimama, mlango unafunguliwa, abiria wanatembea kuelekea jengo. Halafu mafuta, mizigo, abiria wapya, mlango unafungwa. Niliandika kwa siku kadhaa, Mama akinisaidia kwa kutaja saa ya ukutani. Tuligundua jambo ambalo tiketi haisemi wazi: muda ulioandikwa huhesabiwa kuanzia ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, na sehemu kubwa yake haiko angani. Kwa Nairobi, dakika hamsini na kitu zina dakika thelathini na tano au arobaini za kuruka kweli. Zilizobaki ni za kutembea kwa magurudumu na kusubiri zamu.

Ndipo nikatafuta tiketi. Siku niliyotafuta, sikupata hata ndege moja ya ratiba kati ya Kisumu na Eldoret. Nilichoonyeshwa ni safari ya kupitia Nairobi. Kisumu hadi Jomo Kenyatta, kilomita 280. Jomo Kenyatta hadi Eldoret, kilomita 268. Jumla 548, mara saba ya masafa ya kaka, ili ufike kwa jirani. Na uangalie sana, kwa sababu Nairobi ina viwanja viwili vyenye ndege za ndani. Unaweza kutua Jomo Kenyatta ukakuta ndege ya Eldoret inaondokea Wilson. Kati ya viwanja hivyo ni kilomita 12 na nusu kwa anga, lakini kwa barabara unavuka jiji lenye msongamano, na mizigo yako mkononi. Ukipanga vizuri, ukiondoka Kisumu asubuhi, ukasubiri, ukapanda tena, siku yako imekwisha nusu.

Niliendelea kuhesabu hadi nikafika kwenye kitu ambacho ramani haina nafasi ya kukiandika. Ndege nyingi za njia hizi ni zile za mapanga, kama Dash 8-400 yenye viti 78 (namba ileile, na sikuweza kuacha kuiona). Abiria huipanda kwa ngazi. Mama angepanda ngazi Kisumu, ashuke Nairobi, apande Nairobi, ashuke Eldoret. Mara nne, kwa nyonga ya wiki sita. Nilipiga simu kwa shirika moja, na dada aliyepokea alinieleza kwa upole kwamba kiti cha magurudumu kipo na vijana wa kumsaidia wapo, mradi waarifiwe mapema. Nilimshukuru kwa dhati. Lakini kiti chenyewe ndani ya ndege ni cha chini na chembamba, magoti yanapanda, na pembe mraba ya daktari inavunjwa kabla mkanda haujafungwa. Kisha kuna kukaa Nairobi, saa mbili, saa tatu, miguu ikining'inia, kwa mtu ambaye ameonywa kuhusu damu kuganda kwenye mishipa ya mguu.

Kaka akasema, "Basi tukodi ndogo." Nikaichunguza hiyo pia, kwa sababu ni mama yetu, na hakuna njia niliyotaka kuifunga kabla ya kuigusa. Ndege ndogo kama Cessna Caravan hukimbia kama kilomita 300 kwa saa na ingeweza kuvuka kwa dakika ishirini hivi. Lakini nyingi za ndege hizo hulala Wilson. Anayeikodi hulipia pia inaporuka tupu kumfuata na inaporudi tupu nyumbani. Wilson hadi Kisumu 269, Kisumu hadi Eldoret 78, Eldoret hadi Wilson 259. Kilomita 606 za kulipia 78. Na mlango wake pia una ngazi, nyembamba zaidi.

Ukichora safari zetu zote za ndege za magharibi kwenye ramani unapata gurudumu la baiskeli. Nairobi ni kitovu. Kisumu, Eldoret na wengine tuko kwenye ukingo, kila mmoja ameunganishwa na kitovu kwa spoku yake, na hakuna spoku inayomuunganisha jirani na jirani. Naelewa sababu. Ndege hula mafuta mengi zaidi inapopanda, na injini na magurudumu huhesabiwa uchakavu kwa idadi ya kupaa na kutua, iwe umekwenda mbali au karibu. Safari fupi inabeba gharama zote za safari ndefu bila nauli yake. Juu ya hayo, nani atalipa nauli ya ndege wakati matatu zinajaa na kuondoka siku nzima? Naelewa, lakini sipendi. Tuna viwanja viwili vya kimataifa ndani ya kilomita 80, kila kimoja kina njia ya kurukia inayozidi kilomita tatu, Eldoret kikihitaji urefu huo zaidi kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na ndege nzito huchelewa kunyanyuka. Mizigo kutoka Uarabuni hutua Eldoret moja kwa moja. Mtu wa Kisumu hawezi.

*

Mama alipotusikia tukibishana kwenye simu aliomba azungumze. Akamwambia kaka habari ambayo sisi wadogo tulikuwa tumeisikia vipandevipande. Baba yake, babu yetu, alikuwa kibarua bandarini Kisumu miaka ya thelathini. Alikuwa akisimulia ndege zilizotua juu ya maji kama bata, zikasimama kwenye ghuba, na mitumbwi ikaenda kuchukua watu na magunia ya barua.

Babu hakuwa akitunga. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence, na miaka thelathini baadaye anga nayo ikafika. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua njia ya kutoka London hadi Mwanza, na Kisumu ilikuwa kituo chake. Kutoka Khartoum kuja chini walitumia ndege za kutua majini, zikifuata Nile hadi ziwani. Mwaka 1932 njia ikafika Cape Town. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za majini zilizokwenda hadi Durban, nazo zilipita hapahapa. Nairobi wakati huo ilikuwa na uwanja wa udongo upande wa magharibi, ule ambao Florence Kerr Wilson aliufanyia kazi na kampuni yake aliyoianzisha mwaka 1929, na ambao leo unabeba jina lake. Embakasi ilifunguliwa baadaye sana, mwaka 1958, na jina la Jomo Kenyatta ikapewa mwaka 1978.

Nilipokuwa namsikiliza Mama nilijiuliza jinsi ramani ya babu ilivyoonekana. Ilikuwa kamba ndefu yenye mafundo, kutoka Misri hadi kusini mwa Afrika, na Kisumu lilikuwa fundo mojawapo. Mtu akiwa Kisumu aliweza kuuliza, "Inayofuata ni wapi?" na jibu likawa mji wa mbele, kisha wa mbele yake. Ilikuwa njia ya wakoloni, ya barua zao na maafisa wao. Babu hakuwahi kuipanda na hakuna aliyemwalika. Hata hivyo alijua majina ya miji yake kwa mfuatano, na Mama aliyakumbuka na kuyataja kwenye simu hadi akafika Khartoum. Kaka alinyamaza kimya. Halafu akasema, "Mama, wewe unataka kwenda vipi?"

"Mimi nataka dirisha," Mama alisema. "Na nikichoka, gari lisimame."

*

Tuliondoka Jumamosi saa mbili asubuhi, baada ya pilkapilka za alfajiri kupungua. Jirani yetu ana Toyota Noah, na ni dereva mwenye subira. Kiti cha mbele tulikirudisha nyuma mpaka mwisho, tukaweka mto mgumu chini na mwingine mgongoni. Mama alishuka zile ngazi tatu za mlangoni kwa dakika nne, mguu mzuri ukimsubiri mgonjwa, mimi mbele yake nikirudi kinyumenyume. Mkononi nilikuwa na daftari langu la ndege.

Kwa barabara, Kisumu hadi Eldoret ni kama kilomita 115. Unapanda kuelekea Kiboswa, na karibu na hapo tukavuka ikweta. Nilimwambia Mama, akaitikia kwa kichwa, macho yakiwa kwenye mawe makubwa ya Maragoli yaliyokaa kama watu waliochoka. Majengo, Mbale, Chavakali. Kwenye kila tuta dereva alipunguza mpaka gari likawa linatambaa, akisema "pole, Mama" kabla ya tuta badala ya baada yake. Niliithamini sana "pole" hiyo ya mapema. Ilimpa Mama nafasi ya kushika mkanda na kubana tumbo. Matuta nilijaribu kuyahesabu, nikaacha Mbale.

Chavakali tulisimama. Mama alisimama kando ya gari dakika kumi, akashika mlango, akanyoosha mguu kama alivyofundishwa. Muuza ndizi alimletea ndizi mbili bila kuombwa na akakataa pesa. Halafu tukakata kulia, barabara ya Kapsabet. Shamakhokho ikapita, na baada yake nchi ikaanza kubadilika rangi. Mahindi yakaacha nafasi kwa majani chai, kijani kile kilichokatwa sawasawa kama zulia. Hewa ikapoa. Masikio yangu yakaziba na kuzibuka, nikakumbuka ile tofauti ya karibu kilomita moja kati ya viwanja viwili; tulikuwa tunaipanda kwa magurudumu, kidogokidogo, na Mama akaomba sweta yake. Nilitazama juu nikijaribu kukisia mstari wa buluu ungepita wapi. Kulikuwa na wingu moja tu, na lilikuwa bado jeupe.

Kapsabet tulikunywa chai. Hapo nilifungua daftari nikaandika saa nne na nusu. Kama tungepanda ndege ya kwanza ya Nairobi, wakati huo tungekuwa tumekaa Jomo Kenyatta tukitazama ubao wa saa za kuondoka, nami ningekuwa nikitafuta mahali pa Mama kulaza mguu. Badala yake alikuwa amesimama mlangoni mwa hoteli, kikombe mkononi, akizungumza Kiswahili na mama mmoja wa Kinandi kuhusu bei ya maziwa. Walikubaliana kwamba bei ni mbaya. Alikuwa na rangi usoni ambayo sikuwa nimeiona tangu upasuaji.

Baada ya Mosoriot ardhi inalala, na barabara inanyooka. Wasiojua hudhani ukitoka Kisumu lazima ufike Eldoret mjini kwanza ndipo urudi kwenye uwanja wa ndege. Ukweli ni kwamba uwanja uko kama kilomita 16 kabla ya mji, upande huohuo wa barabara ya Kapsabet, na sisi tukaufikia mapema. Dereva alipunguza mwendo nikitaka Mama aone lango. Hakukuwa na ndege. Kulikuwa na nyasi, ua mrefu, na malori mawili ya mizigo yakisubiri. Saa tano na nusu. Nilimwambia kwamba kwa mstari ulionyooka tulikuwa kilomita 78 kutoka uwanja ule anaoutazama asubuhi akiwa kibarazani.

"Hizo tu?" akauliza, na akageuza kichwa kutazama nyuma, kama vile angeweza kuliona ziwa.

Saa sita kasorobo tuliingia Kapseret. Mdogo wangu alikuwa ametandika kitanda karibu na dirisha na kupima urefu wake kwa futi ya fundi. Saa tatu na dakika arobaini na tano tangu Riat, vituo viwili, chai moja. Mama alitoka garini, akasimama, akaingia mlangoni bila kunyanyua mguu juu ya kitu chochote.

Jioni kaka alipiga simu, kwao ilikuwa asubuhi. Hakumuuliza Mama saa ngapi. Aliuliza ngazi ngapi, kwa sababu nilikuwa nimemwandikia habari za zile safari nne za kupanda na kushuka.

"Tatu," Mama akamwambia. "Za kwa dada yako. Huku sijaona."

Kaka ameshatuma pesa za fundi ili ngazi za Riat ziwekewe mteremko wa zege kabla Mama hajarudi. Daktari anataka kumwona tena baada ya miezi mitatu, na dereva nimeshamwomba tarehe. Safari ya kurudi itakuwa ya kuteremka, na masikio yatazibuka upande wa Kiboswa.